Kisa cha mwaloni: dodoso la lugha lilivyokwama na orodha ya bei ya mabondo ilivyofunguka

Kwa nani

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wanafunzi na watafiti wachanga wanaokuja kanda ya ziwa kusoma habari za lugha na jamii, maana kila mwaka wanakuja na kila mwaka naona dodoso lilelile linauliza swali lilelile. Jina la mwalo (pale ufukweni mitumbwi inapotua na samaki wanapouzwa), wilaya, chuo na mradi nimeyaondoa, na mambo madogo ya watu nimeyachanganya ili mtu asijulikane. Mimi nilikuwa kwenye timu kama msaidizi, kazi yangu kuandika notisi na kusaidia pale Kisukuma kinapohitajika. Maamuzi yalikuwa ya mtafiti mwenyewe, ila maoni humu ndani ni yangu.

Mwalo na watu wake

Mwalo uko mkoa wa Mwanza, unafika kwa boti, na ukishuka unakuta kile unachokikuta mialo yote mikubwa: mitumbwi mchangani, chanja za dagaa, mzani chini ya turubai, vibanda vya chakula, duka la nyavu na mafuta, ofisi ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia mwalo, ya chumba kimoja. Samaki wanaolisha pale ni wawili. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanaanikwa, wanapelekwa Kirumba mwaloni na kutoka pale wanasambaa mpaka Kongo. Sangara anaenda kiwandani, minofu inapakiwa kwenda nje na mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa, yanabaki kwa ajili yetu. Alafu kuna bondo, ule mfuko wa hewa ndani ya sangara, zamani haukuwa na maana kubwa na leo ndo unaogombaniwa kuliko mnofu wenyewe, sababu walaji wake wako China na Hong Kong na bei inapanda kadiri bondo moja linavyokuwa zito.

Watu ni mchanganyiko. Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma, Wazinza, Wajaluo, Wahaya, Wakuria, na vijana waliotoka Geita na Kigoma kutafuta maisha. Mtumbwi mmoja wa tajiri mmoja (ndivyo anavyoitwa mwenye mitumbwi) unaweza kubeba watu wanne ambao nyumbani kwao kila mmoja anaongea lugha yake, na usiku kucha kazi inaenda kwa Kiswahili chenye maneno ya kila mtu ndani yake. Ziwa lina nchi tatu. Kijana akikaa visiwa vya Uganda misimu miwili anarudi na Kiganda cha kununulia mafuta na cha kudai hela yake, dagaa anaweza kumuita mukene akiwa na Waganda na omena akiwa na Wajaluo, na wala haoni kama amejifunza lugha, anaona amefanya kazi.

Elimu nayo ina sehemu yake kwenye kisa hiki. Wamama wengi wa makamo pale wameishia darasa la saba, na darasa la saba letu ni la Kiswahili toka 1967. Kiingereza cha kusomea kinaanzia sekondari. Kwaiyo kwenye mwalo mzima wanaoweza kusoma karatasi ya Kiingereza kwa kujiamini ni vijana waliomaliza kidato cha nne, wengi wao wa kiume, na wengi wao wameingia sekondari baada ya ada kufutwa 2016.

Wazo la utafiti lilikotoka

Mtafiti ni Mtanzania, mhadhiri, amekulia Dar, Kisukuma hajui na hakuficha hilo. Alikuwa amemsoma sana Jan Blommaert, yule Mbelgiji aliyezaliwa 1961 akafariki Januari 2021. Blommaert kabla hajawa jina kubwa kwenye isimujamii ya utandawazi, yaani taaluma ya lugha na jamii, alikuwa mtu wa Kiswahili, na mwaka 1999 alitoa kitabu kizima kuhusu itikadi ya dola na lugha Tanzania, yaani jinsi Ujamaa ulivyokibeba Kiswahili na kilichotokea baada ya hapo. Alichokuja kukisisitiza baadae ni kwamba mtu hatembei na lugha nzimanzima kichwani. Anatembea na vipande: salamu za huku, namba za kule, Kiingereza cha kusoma tu, Kiarabu cha kuswalia. Na vipande hivo havina thamani moja kila mahali, Kiingereza kinachokupa heshima mtaani kwenu kinaweza kukufanya uonekane hujasoma ukifika London.

Mtafiti akauliza swali zuri kabisa, kwamba biashara ya mabondo imeunganisha mwalo na Asia moja kwa moja, je imefanya nini kwenye lugha za watu wa mwaloni, nani amepata na nani amepitwa. Swali zuri, ila zana aliyopewa haikuwa ya swali hilo. Mradi ulikuwa wa nchi kadhaa, chuo mshirika cha nje ndicho kilichotengeneza dodoso, na sharti likawa dodoso lisibadilishwe ili data za nchi zote zilingane. Ukurasa wa kwanza una visanduku: lugha ya mama, lugha ya pili, lugha ya tatu, kabila, mahali ulipozaliwa, umekaa hapa mda gani. Mwisho sahihi.

Yaliyotokea

Vibali vyote vilikuwepo. Barua zilishuka kutoka mkoani, wilayani, kata, kijiji, mpaka BMU, na mwenyekiti wa BMU alitupokea vizuri. Timu ilichagua kuanza wakati wa mbalamwezi, kwa hoja kwamba wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwa mkubwa kwaiyo watakuwa na mda wa kuongea.

Siku za mwanzo majibu yalikuja haraka mno. Lugha ya mama: Kiswahili. Lugha ya pili: hakuna. Kabila: wengine walicheka, wengine walisema Mtanzania. Mama mmoja kwenye chanja alimwambia mwenzetu kuwa anaongea Kiswahili tu alafu hapohapo akageuka akamwambia jirani yake kwa Kijita asogeze turubai, wala hakuona kama amejipinga. Vijana wa boti walikuwa wachache kuliko tulivyotegemea.

Kabla wiki haijaisha boti mbili zikahama usiku. Asubuhi mwenyekiti akamuita mtafiti ofisini, mimi nilikuwepo, na ni mzee wa heshima anayeongea taratibu. Akasema: "Mwalimu, barua yako nimeisoma na mimi ndo nimekukaribisha. Lakini ziwani ukimuuliza mtu lugha ya mama yake umemuuliza kazaliwa wapi. Ukimuuliza kazaliwa wapi umemuuliza kitambulisho. Watu wanasema nyie ni uhamiaji, na wengine wanasema ni TRA, watu wa kodi."

Mtafiti akamjibu, "Shikamoo mzee, nimekuelewa. Leo hatuulizi mtu tena." Na kweli siku ile madodoso yakarudi kwenye begi.

Zikafuata wiki za kukaa. Mtafiti aliomba ruhusa ya kukaa mzani, bila karatasi, akawa anaenda asubuhi mitumbwi inaporudi na jioni wanunuzi wanapofunga mahesabu. Mimi na mwenzangu tukagawana, mmoja chanja, mmoja kwenye vibanda vya chakula. Tulikuwa tunaandika usiku tukisharudi. Hapa ndo mambo yakaanza kuonekana. Tajiri anaita watu wake kwa Kikerewe anapowasifia na kwa Kiswahili anapowakata hela. Mnunuzi mmoja kutoka China alikuja na boti kutoka jijini, Kiswahili chake kilikuwa cha namba, "kavu", "bado mbichi", "hapana hii", na kwa kazi yake kilimtosha kabisa, wakati huohuo vijana wawili wa mzani walikuwa wanamuhesabia mabondo kwa Kichina, yi, er, san, mpaka kwenye makumi, na wanamtajia uzito. Dodoso la vijana hao tulikuwa nalo. Limeandikwa Kiswahili, hakuna, hakuna.

Alafu ikaja siku ya orodha.

Wakala wa mabondo pale mwaloni alikuwa anapokea bei kutoka kwa bosi wake wa mjini kwa WhatsApp. Orodha inakuja kwa Kiingereza, madaraja kwa gramu, bei ya mbichi na bei ya kavu, na yeye anawasomea wakusanyaji kwa Kiswahili. Wakusanyaji wengi ni wamama, wananunua bondo mojamoja kutoka kwa wavuvi, wanaosha, wanakausha, wanamuuzia yeye. Mtafiti alikuwa amemuomba wakala apige picha ya orodha kadhaa kama data, wakala akakubali. Kijana mmoja wa kidato cha nne ambaye mama yake mdogo ni mkusanyaji akapata orodha ya wakala mwingine wa mwalo wa jirani, akailinganisha na kinachosomwa, akagundua kuna madaraja ya katikati hayatajwi kabisa, bondo la uzito wa kati linanunuliwa kwa bei ya dogo. Jioni ile pakawa na kelele mzani. Na macho yote yakageukia kwa mtafiti, sababu watu walimuona akipiga ile picha.

Mama mmoja, mkubwa wao, akamwambia mbele za watu: "Mwanangu, wewe umesoma, na karatasi yake unayo kwenye simu. Tusomee."

Mtafiti akasema, "Mama, nipe mpaka asubuhi, niongee na mwenyekiti." Watu hawakufurahi. Mmoja akasema kwa sauti kwamba wasomi wote ni wa tajiri. Ile jioni ilikuwa nzito.

Asubuhi kikao kikaitwa na BMU. Mwenyekiti, katibu, wakala, wamama, vijana wa mzani, matajiri wawili watatu. Katibu akamuomba wakala aiweke orodha yake mwenyewe mezani isomwe yote. Wakala alivuta mda kidogo, akasema ni siri ya kampuni, ila yule kijana alikuwa kashasimama na ya wakala mwingine mkononi. Akaitoa. Katibu akaisoma, mtafiti alikaa pembeni na kazi yake ikawa moja tu, kusema kama tafsiri iko sawa pale alipoulizwa. Kikao kikaamua kila orodha mpya iandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa BMU karibu na mzani kabla mauzo hayajaanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kusimamisha dodoso haukuwa mwepesi, na nautetea. Mshirika wa nje aliandika barua pepe kali, kwamba sampuli ya Tanzania itaharibika. Hoja ya mtafiti ilikuwa kwamba sampuli imeshaharibika tayari, tena kwa njia mbaya zaidi, maana data zile zingeingia kwenye majedwali zikionyesha mwalo wa watu wa lugha moja na mtu akisoma nje asingejua kwamba alichokipima ni hofu.

Uamuzi wa pili ulihusu ridhaa. Fomu ilidai sahihi au dole gumba, na kwenye mwalo ambao watu wameweka dole gumba kwenye mikopo wasiyoielewa, dole gumba linaogopesha. Mtafiti aliandikia kamati ya maadili akaomba ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi anayechaguliwa na anayehojiwa. Ilichukua mda lakini walikubali. Rekoda hazikutumika mzani hata mara moja, na nadhani hiyo ndo ilitufanya tuvumiliwe.

Uamuzi wa tatu, wa orodha, ndo uliotuweka macho usiku ule. Njia zilikuwa wazi. Angeweza kusoma palepale, watu wangemshangilia. Angeweza kusema mimi ni mtafiti sihusiki. Kwanini hakusoma? Sababu picha ile alipewa na wakala kwa ajili ya utafiti, na kama angeigeuza kuwa silaha dhidi ya aliyempa basi ridhaa yote tuliyoiomba mwaloni isingekuwa na maana, kesho tajiri angejua kwamba chochote unachomuonyesha mtafiti kitakurudia. Kwanini hakukaa kimya? Sababu alikuwa anakielewa kitu kinachowatia watu hasara na wao wanamwangalia usoni, na mimi binafsi sikubaliani kabisa na wale wanaofundisha kwamba mtafiti ni jicho tu. Kwaiyo akatafuta njia ambayo karatasi inaletwa na mwenyewe, mbele ya chombo cha wavuvi wenyewe, na tafsiri inafanywa na katibu ambaye kesho na keshokutwa yupo palepale, wakati mtafiti ameshapanda boti kaondoka. Picha ya simu haikutolewa kabisa. Kulala na lawama usiku mmoja ilikuwa gharama halali.

Matokeo

Ubao ulifanya kazi. Madaraja ya kati yakaanza kulipwa, na vijana wa mzani wakawa wanaulizwa maswali na wamama kwa namna ambayo zamani haikuwepo, wanaambiwa soma tena, soma mpaka mwisho.

Lakini baada ya mda mfupi wakala akapunguza mikopo. Hapa lazima mtu aelewe biashara inavyoendeshwa: wakala anatoa nyavu, mafuta, mtaji wa kununulia, kwa mali kauli, yaani chukua sasa utalipa baadae, na aliyekopeshwa anauza kwake na si kwa mwingine. Wamama wenye mtaji wao walifaidi ubao. Wenye deni waliujua uzito na waliijua bei na bado waliuza kwa bei waliyoambiwa pembeni, maana makato ya deni yalikuwa yanapangwa na huyohuyo wakala. Akaanza pia kutuma bei kwa sauti kwa watu wachache anaowachagua, kwa Kikerewe kwa wengine na Kijaluo kwa wengine, badala ya orodha moja ya maandishi. Yaani karatasi ya Kiingereza ilipofunguliwa yeye akahamia kwenye lugha za nyumbani, ambazo hakuna ubao unaozibandika.

Upande wa chuo, mshirika alikubali mwalo uwe utafiti unaojitegemea, nje ya majedwali ya nchi nyingine. Data tulizopata mzani zilikuwa nyingi na nzuri.

Uchambuzi

*Swali la lugha ni swali la uraia*

Tanzania sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967. Hiyo ya 2022 iliyohesabu watu 3,699,872 mkoa wa Mwanza haikuuliza. Huo ulikuwa uamuzi wa nchi na watu wameukulia, kwaiyo mtu anayekuja na karatasi yenye kisanduku cha kabila anaonekana tangu mwanzo kuwa si wa kawaida. Weka juu yake ziwa lenye mipaka ambayo haionekani ukiwa majini, ambapo familia za Kijaluo ziko Kenya na Tanzania na zimekuwepo kabla ya mipaka, ambapo kijana wa Kagera anaongea karibu sawa na mtu wa Uganda na wanaelewana. Lugha yako inaweza kukufanya uonekane mgeni kwenye ardhi uliyozaliwa. Mtu akijibu "Kiswahili tu" hapo hadanganyi kwa upumbavu, anajilinda, na Kiswahili kinamlinda kweli.

Na hofu yao si ya kufikirika. Blommaert huyohuyo aliandika 2009 kuhusu kijana aliyeomba hifadhi Uingereza akisema ni Mnyarwanda, maisha yake yamepita sehemu kadhaa, Kenya, Rwanda kwa mjomba karibu na mpaka wa Uganda, kwaiyo Kiingereza na Runyankole, lugha ya Uganda, vilikuwa mdomoni mwake kuliko Kinyarwanda. Maafisa wakamkatalia, sababu kichwani mwao Mnyarwanda ana lugha fulani na lazima aijue kwa namna fulani. Mtafiti alikuwa ameisoma habari hiyo na anaifundisha darasani, na bado dodoso alilokabidhiwa lilikuwa limejengwa juu ya hesabu ileile ya wale maafisa: mtu mmoja, mahali pamoja, lugha moja ya kuzaliwa. Nadharia inaweza kuwa kwenye sura ya kwanza ya tasnifu na isifike kabisa kwenye karatasi unayoenda nayo fildi. Hili naliona sana na linanisikitisha.

*Mbalamwezi*

Hili fupi lakini kubwa. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wa kutoka mbali wanaenda makwao. Kwaiyo timu ilichagua wakati ambao watu wa lugha nyingi zaidi hawapo, na waliobaki ni wenyeji na wamama. Hata kama watu wangejibu kwa uwazi wote, picha ingekuwa ya mwalo mwingine. Kalenda ya utafiti wa ziwani ifuate kalenda ya ziwa, na mtu wa kuuliza ni mpika chakula wa mwaloni, yeye anajua wiki hii ana sahani ngapi.

*Vipande, na nani ameshika kipi*

Hapa nadharia ilisimama vizuri kuliko nilivyotegemea. Vile vipande vya Kichina vya vijana wawili wa mzani, labda maneno ambayo ukiyaandika hayajazi ukurasa, viliwapa nafasi ya kusimama karibu na mnunuzi na kujua bei kabla ya wengine. Kikerewe fasaha cha mzee wa chanja hakikumpa hiyo nafasi. Kiingereza cha kidato cha nne, ambacho kijana mwenyewe alikuwa anaona aibu kukiongea, kilitosha kusoma orodha na kubadilisha bei ya mwalo mzima kwa mda. Biashara ya mbali inaokota kipande kidogo cha lugha inakipa bei, na aliye nacho mara nyingi ni kijana wa kiume, sababu ndiye aliyepelekwa sekondari na ndiye anayeruhusiwa kukaa mzani mpaka usiku.

Ila kuna kitu sikubaliani nacho kwenye maandiko ya nje. Steven Vertovec, mwanaanthropolojia, alipoandika 2007 kuhusu mchanganyiko mpya wa watu Uingereza, alikuwa anaeleza kitu kilichoonekana kipya kwao. Watu wakalichukua wazo na kulipeleka kila mahali kana kwamba mchanganyiko umeanza na ndege na intaneti. Ukanda wetu umechanganyika kabla ya viwanda vya sangara, watu wamevuka ziwa kwa mitumbwi kuoa, kufanya biashara, kukimbia njaa. Kipya kwetu ni kwamba mwisho wa mnyororo uko Hong Kong, na karatasi inayoamua bei inatoka mahali ambapo mkusanyaji hawezi kwenda kuuliza. Tukiazima maneno ya watu tuazime na macho yetu wenyewe.

*Deni*

Timu, mtafiti akiwemo, ilitegemea sana kwamba tatizo ni lugha ya karatasi. Tafsiri ingefungua mlango. Na ulifunguka kwa baadhi. Lakini sura ya kwanza ya ripoti iliwaita wakusanyaji "waliotengwa na lugha", na sentensi hiyo haikudumu.

Matokeo yalirudishwa mwaloni mara mbili. Mara ya kwanza ukumbi wa shule, Kiswahili sanifu, slaidi, na waliongea wanaume, walishukuru, wakaomba mradi ulete taa za sola. Mwenyekiti ndo aliyeshauri mara ya pili ifanyike kwenye chanja, jioni, bila slaidi, na aongoze mama mmoja kwa Kijita na mwingine kwa Kikerewe, mtafiti asikilize kupitia kwetu. Hapo wamama wakakataa ile sentensi. Yule mama aliyesema tusomee alisema, na hapa nafasiri kutoka Kijita kama nilivyoelezwa: bondo mimi nikilishika mkononi najua uzito wake, bei ya jirani naijua kabla jua halijatoka, sijakosa kuelewa, nimefungwa na hela ya mtu. Mwingine akaongeza kwamba hata orodha ingekuja kwa Kijita angeuza kwa huyohuyo.

Mtafiti aliandika upya sura nzima. Hoja ikawa kwamba lugha ya karatasi ilimsaidia wakala kuficha, lakini kilichomwezesha kuendelea baada ya kufichuliwa ni mkopo, na kwamba alihamisha usiri kutoka lugha moja kwenda nyingine bila shida kwa sababu mkopo ulikuwa palepale. Kwangu mimi hii ndo sehemu yenye thamani zaidi ya kazi yote, na isingepatikana ukumbini kwenye slaidi. Lugha uliyotumia kurudisha matokeo inaamua nani atakupinga.

*Kinachobaki bila jibu*

Picha ya orodha bado iko kwenye hifadhi ya data ya mradi. Wakala alitoa ridhaa kabla ya ugomvi, na baada ya kikao hakuiondoa lakini pia hakuongea tena na timu. Mtafiti ameamua haitachapishwa. Mimi ningependa ionyeshwe ikiwa imefutwa kila alama, maana bila kuiona msomaji hawezi kuelewa jinsi ilivyo rahisi kuruka mistari miwili. Tumebishana kwa heshima na hatujakubaliana.

Awamu ya pili ikiruhusiwa itaanzia kwenye madaftari ya madeni: nani anaandika, kwa lugha gani, aliyekopa anapewa nakala au anaambiwa kwa mdomo, na akibisha anabisha kwa lugha ipi na mbele ya nani. Matajiri wawili wamesema madaftari yao tutayaona. Mawakala wa mabondo bado hawajajibu.